Unyakuo ni kabla ya dhiki kuu au baada yake?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Morogoro. Nimelelewa katika kanisa la Kipentekoste, na tangu Shule ya Jumapili tumefundishwa kwamba kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu ya miaka saba. Mchumba wangu ni Mlutheri. Mchungaji wao alipolisikia jambo hili alicheka, akasema neno unyakuo halimo hata katika Biblia. Na nyumbani nina mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha sita. Septemba 2025 alitazama zile video zilizosema Yesu anakuja tarehe 23 au 24. Siku zikapita, lakini mpaka leo hataki kuomba chuo, anasema muda umekwisha, atasoma ili iweje. Mimi mwenyewe naogopa. Nani anasema kweli?"

Ameni, dada yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana najua ukiona maandishi marefu utaruka mpaka mwisho kutafuta neno moja. Unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, upo. Lakini kwa jinsi ninavyoyasoma Maandiko baada ya kuyafundisha kwa miaka mingi, sioni mahali yanapoutenga unyakuo na kuja kwa Bwana mwenyewe kwa pengo la miaka saba. Naamini ni siku moja, tukio moja, na kwamba kanisa litakuwa limepitia dhiki, yaani mateso makubwa ya siku za mwisho, kabla ya siku hiyo. Mchungaji wako atanikatalia, naye si mjinga wala si mwongo. Ana hoja, na nitakuonyesha zile zinazonisumbua mpaka leo. Habari ya tarehe ni neno jingine kabisa. Hilo halina pande mbili.

Hofu yako naifahamu. Nikiwa darasa la nne nilirudi kutoka shule nikakuta mlango uko wazi, maharage yanachemka jikoni, kanga ya mama iko kitini, na hakuna mtu. Nikaita, kimya. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumehubiriwa juu ya wanaoachwa. Nilikaa chini ya mwembe nikalia mpaka pumzi zikanikatika. Kumbe mama alikuwa nyumba ya tatu, kumefiwa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba maneno yaliyonitoa machozi pale chini ya mwembe ndiyo hasa yaliyokuwa yakisomwa kwa wafiwa siku ile, kuwafariji.

Na Paulo aliyaandika kwa ajili ya wafiwa. Wathesalonike walikuwa Wakristo wapya kabisa, waraka wenyewe uliandikwa yapata mwaka 50 au 51 Paulo akiwa Korintho, na baadhi yao walikuwa wameshazika wapendwa. Swali lao lilikuwa la msibani: marehemu wetu watamwonaje Bwana akija, ikiwa wao wamo kaburini? Ndiyo maana anaanza, "hatutaki msijue habari zao waliolala mauti, msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Kisha anaeleza kwamba Bwana atashuka na parapanda ya Mungu, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, "kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani." Anamaliza kwa kusema wafarijiane kwa maneno hayo. Hakuna mahali hapo anapohesabu miaka, hataji dhiki, hataji mpinga Kristo. Ukimuuliza Paulo wa 1 Wathesalonike 4 kama ni kabla au baada, umemuuliza swali ambalo siku ile hakuwa akilijibu. Sisi sote tunaobishana tunalijibu kwa kuunganisha kifungu hiki na vingine, na ugomvi wote uko kwenye viungo hivyo.

Kuhusu kicheko cha mchungaji wa mchumba wako: nomino "unyakuo" kweli huikuti, lakini kitenzi kipo, umekisoma sasa hivi. Kwa Kiyunani ni harpazo, kunyakua kama mwewe anavyonyakua kifaranga, na ndicho kilekile Matendo 8 inachotumia Roho wa Bwana alipomchukua Filipo akatoweka machoni pa towashi. Kwa hiyo asicheke. "Utatu" nao haumo katika Biblia kama neno, na Walutheri wanaukiri kila Jumapili.

Sasa litazame neno ambalo watafsiri wetu wa Kiswahili walilichagua: tumlaki. Kulaki si kukutana tu. Askofu akija kijijini, watu hutoka na matawi mpaka njia panda, wakamlaki, kisha wakaingia naye kwa nyimbo. Bibi harusi akiletwa ukweni, wanawake hutoka na vigelegele kumlaki, na safari inaishia ndani ya nyumba aliyokuwa akiijia. Sijapata kuona watu wanaotoka kumlaki mgeni, halafu wakageuka kwenda naye huko alikotoka. Huko kwa Kiswahili ni kumsindikiza.

Neno la Kiyunani hapo ni apantesis, na linakwenda vivyo hivyo. Katika Agano Jipya linapatikana mahali pengine pawili. Katika Mathayo 25 wanawali wanaitwa watoke kumlaki bwana arusi, nao wanaingia naye arusini. Katika Matendo 28 ndugu wa Rumi wanatoka mjini kwenda njiani kumlaki Paulo, kisha Paulo anaendelea kuingia Rumi pamoja nao. Miji ya zama zile ilikuwa na desturi hiyo kwa wafalme na maliwali: raia walitoka nje ya malango kumpokea mkuu anayewasili. Yohana Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya nne ambaye Kiyunani kilikuwa lugha ya kinywa chake, alikifafanua kifungu hiki kwa mfano huohuo wa mfalme anayeingia mjini. Kingine ninachopenda kuwakumbusha wanafunzi wangu ni kwamba makaburi ya miji ile yalikuwa nje, kandokando ya barabara. Mkuu akija, wa kwanza kupitiwa ni wafu. "Waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza" huenda iliwagusa Wathesalonike kwa namna ambayo sisi haitugusi.

Nisikuhadae lakini. Neno moja halibebi fundisho zima mgongoni. Mtu anaweza kusema, sawa, wanamlaki hewani, lakini Yohana 14 Yesu amesema anakwenda kuandaa mahali katika nyumba ya Baba, na atakuja kuwakaribisha kwake. Kwa hiyo wanakwenda juu, wanakaa huko, wanarudi naye baadaye. Hoja hiyo ina uzito. Ila yule anayesema hivyo inampasa atuonyeshe ile miaka saba ameitoa wapi.

Wengi hudhani ipo Ufunuo. Chukua Ufunuo uusome wote, utakutana na makanisa saba, mihuri saba, baragumu saba, vitasa saba, lakini "miaka saba" ya dhiki huikuti. Kuna miezi arobaini na miwili, kuna siku elfu moja mia mbili na sitini, kuna wakati na nyakati na nusu ya wakati. Zote ni miaka mitatu na nusu. Saba inatoka Danieli 9, kwenye yale majuma sabini. Wanaofundisha kabla ya dhiki wanahesabu kila juma kuwa miaka saba, jumla 490. Majuma 69 wanayafikisha kwa Masihi, kisha wanasema saa ya Israeli ilisimama, kanisa likaingia katikati kama mabano, na juma la mwisho linangojea. Kanisa likishaondolewa, saa ya Israeli inaendelea, na hilo juma moja ndiyo dhiki kuu.

Kwa hiyo mzizi wa fundisho ulilolelewa nalo ni kwamba Mungu ana watu wawili wenye ratiba mbili, Israeli na kanisa, na ratiba hizo haziwezi kwenda pamoja. Ukilikubali hilo, unyakuo kabla ya dhiki unafuata wenyewe kama behewa linavyofuata kichwa cha treni. Usipolikubali, huna sababu ya kulitafuta pengo. Mimi nikisoma Warumi 11, ambako mzeituni ni mmoja na matawi ya Mataifa yamepandikizwa humohumo, nashindwa kuliona hilo shina la pili.

Mfumo huo ulipangwa hivyo na John Nelson Darby, aliyezaliwa London mwaka 1800, akawa kasisi wa Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana, akatoka, akawa kiongozi miongoni mwa kundi la Kiprotestanti liitwalo Plymouth Brethren. Aliufundisha kuanzia miaka ya 1830, na kati ya 1862 na 1877 alisafiri mara nyingi Marekani na Kanada. Huko ulikutana na C. I. Scofield, mwanasheria aliyegeuka mchungaji, ambaye mwaka 1909 alitoa Biblia yenye maelezo yake chini ya kurasa, ikachapwa na Oxford. Hapo ndipo fundisho lilipopata miguu. Msomaji wa kawaida alikuwa na Neno la Mungu juu na Scofield chini, ukurasa mmoja, na baada ya muda hakujua tena lipi alilisoma wapi. Dallas Theological Seminary ilianzishwa 1924 ikaupa mfumo huo wasomi. Assemblies of God, iliyoanzishwa Arkansas mwaka 1914, iliweka unyakuo wa kanisa katika maungamo yake ya 1916, na Tanzania Assemblies of God ni tawi la mzizi huo. Wamisionari walikuja na Biblia zao, vyuo vyetu vikapokea vitabu vyao, na filamu zikamalizia. Vizazi vya wahubiri wetu walipokea haya yote kama kifurushi kimoja na wokovu na ujazo wa Roho. Ndiyo maana mtu akiligusa hili tu, wengine husikia kwamba ameukana wokovu.

Upya wa fundisho haulifanyi kuwa la uongo, nawaambia hivi wanafunzi wanaolikebehi. Luther naye aliitwa mzushi wa mambo mapya. Lakini upya unatudai tueleze kwa nini hao wa mwanzo hawakuliona. Didake, mafundisho ya zamani sana ya kanisa, katika sura yake ya mwisho inaweka mpangilio huu: anatokea mdanganyaji wa ulimwengu, watu wanapitia moto wa kujaribiwa, halafu parapanda, ufufuo, na Bwana anakuja juu ya mawingu. Ireneo, askofu wa zamani aliyeandika yapata mwaka 180, naye aliliona kanisa likikabiliana na mpinga Kristo.

Sasa hoja za mchungaji wako, zile zilizo nzito. Ya kwanza ni 1 Wathesalonike 5:9, kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Hiyo ni kweli tupu, na yeyote anayefundisha kwamba kanisa litamwagiwa ghadhabu ya Mungu amekosea. Swali ni kama dhiki na ghadhabu ni kitu kimoja. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba ulimwenguni watakuwa na dhiki. Wana wa Israeli walikuwa Misri wakati mapigo yanashuka, na hawakupigwa. Giza lilikuwa nje, Gosheni kuna mwanga. Wapo wanaoshika njia ya katikati kwa sababu hii: kanisa litaiona dhiki ya mpinga Kristo, lakini litanyakuliwa kabla ya ghadhabu kumwagwa, mahali fulani baada ya muhuri wa sita wa Ufunuo, pale watu wanapolia kwamba siku ya hasira imekuja. Msimamo huo ulipata jina lake miaka ya 1990, na nikilazimishwa kuhama nilipo, huko ndiko ningehamia.

Ya pili ni Ufunuo 3:10, ahadi kwa kanisa la Filadelfia. Biblia yetu inasema, "nitakulinda, utoke katika saa ya kuharibiwa." Ukisikia "utoke", umeshaondoka duniani. Lakini Kiyunani kina kitenzi cha kulinda na kihusishi ek, basi. Mchanganyiko huo wa maneno mawili unapatikana mahali pengine pamoja tu katika Agano Jipya, Yohana 17:15, na hapo watafsiri walewale waliandika: "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu." Unaona? Maneno yaleyale, na Bwana anasema waziwazi kwamba haombi watolewe. Siwalaumu watafsiri, ek inaweza kubeba maana ya kutoka. Lakini kuijengea ghorofa juu ya "utoke" ni hatari.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Yesu alisema kesheni, kwa maana hamjui. Ikiwa lazima kwanza mpinga Kristo aonekane na dhiki ipite, mtu atakeshaje leo? Si angesubiri tu aone dalili ndipo atubu? Walio upande wa kabla ya dhiki wanasema Bwana anaweza kuja hata kabla hujamaliza kusoma mstari huu, na wengine wote tumeipoteza hali hiyo ya kungojea. Jibu langu si kamili. Naona kwamba Petro aliambiwa atazeeka na kufa kifo cha namna fulani, Paulo aliambiwa lazima afike Rumi, na bado wote wawili waliwaambia watu wakeshe. Kwa hiyo kukesha hakukuwa na maana ya kwamba hakuna kitu kinachoweza kutangulia. Lakini nakiri kwamba waumini wanaoamini kama mchungaji wako mara nyingi wameishi kwa utayari kuliko sisi tunaowasahihisha.

Ile ya kwamba neno "kanisa" halionekani tena kuanzia Ufunuo 4 mpaka sura ya mwisho, nitaipita upesi. Halionekani duniani, ni kweli, na halionekani mbinguni pia katika sura hizo. Wanaoonekana ni "watakatifu", na sura ya 13 mnyama anapewa kufanya vita nao. Na Yohana kuambiwa apande juu mwanzoni mwa sura ya 4, ambako wengine huona unyakuo wa kanisa, ni Yohana kuambiwa apande juu.

Wapo pia wanaosema unyakuo ni katikati kabisa ya dhiki, kwa sababu 1 Wakorintho 15 inataja "parapanda ya mwisho" na Ufunuo 11 ina baragumu ya saba. Wakorintho waliupokea waraka wao yapata mwaka 55, na Ufunuo kwa kadiri ya wengi uliandikwa miaka arobaini hivi baadaye. Wangejuaje kwamba Paulo anazungumzia baragumu ambazo hazijaandikwa bado?

Kilichonihamisha mimi ni 2 Wathesalonike 2. Kuna watu Thesalonike walikuwa wametiwa wasiwasi kwamba siku ya Bwana imeshafika. Kama mdogo wako, lakini kinyume chake. Paulo anaanza kwa kusema anazungumza "kwa habari ya kuja kwake Bwana wetu Yesu Kristo, na kukusanyika kwetu mbele zake", mambo mawili kwa pumzi moja, kisha anasema haiji mpaka uje kwanza ukengeufu na afunuliwe mtu wa kuasi. Kama Paulo alifundisha unyakuo kabla ya dhiki, hapo palikuwa na jibu jepesi kuliko yote: ndugu, msihangaike, ninyi bado mpo, kwa hiyo siku haijafika. Sentensi moja ingetosha. Hakuisema. Aliwapa dalili ambazo wao wenyewe wangeziona. Tafsiri yetu ya ukengeufu nayo ni sahihi. Wanaodai kwamba neno hilo maana yake ni kuondoka, yaani unyakuo, wanalivuta kuliko linavyonyumbuka. Ongeza Mathayo 24, ambako malaika wanawakusanya wateule kwa sauti kuu ya parapanda "baada ya dhiki ya siku zile", na Ufunuo 20, ambako waliokataa chapa ya mnyama wanafufuliwa na Yohana anaandika kwamba huo ndio ufufuo wa kwanza. Paulo amesema wafu wanatangulia walio hai. Ikiwa ufufuo wa kwanza ni baada ya mnyama, walio hai watanyakuliwaje kabla yake? Wenzangu wanajibu kwamba ufufuo wa kwanza una awamu. Huenda. Mimi sizioni.

Kabla sijasahau, ule mstari mwingine ulioniliza chini ya mwembe, wa Mathayo 24 hiyohiyo, "mmoja atwaliwa, mmoja aachwa." Usome na ule ulioutangulia: gharika "ikawachukua wote". Waliochukuliwa siku za Nuhu ni waliozama. Aliyeachwa ni Nuhu. Hata John Walvoord, aliyeongoza ile seminari ya Dallas kuanzia 1952 hadi 1986 na kutetea unyakuo kabla ya dhiki kuliko karibu mtu yeyote wa kizazi chake, aliandika kwamba wanaotwaliwa hapo wanatwaliwa kwa hukumu. Ninyi mnaohubiriwa mstari huo kila mkesha mnahubiriwa kitu ambacho mabingwa wa upande wenu wenyewe hawakifundishi.

Kuhusu mchumba wako. Walutheri wanafuata Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo ibara yake ya 17 inakiri kwamba Kristo atarudi siku ya mwisho kuhukumu, atawafufua wafu wote, na inakataa wazo kwamba kabla ya ufufuo watakatifu watatawala dunia. Kwao kuja ni kumoja na kunyakuliwa kumo ndani yake siku hiyohiyo. Wakatoliki wako karibu na hapo. Katekisimu yao inasema kanisa litapita katika jaribu la mwisho kabla ya Kristo kuja. Wasabato wanaamini walio hai watachukuliwa mbinguni, lakini mbele ya macho ya wote, si kwa siri. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayekana kwamba Yesu anarudi. Mkiwa mnapatana kwamba alikufa, akafufuka, na atakuja, basi hamjatofautiana mahali pa kuvunja uchumba. Ila msikubali harusi ifike kabla hamjaamua mtasali wapi na watoto watabatizwa lini. Hilo litawasumbua zaidi kuliko dhiki kuu.

Tarehe. Wafuasi wa mhubiri William Miller waliingoja 22 Oktoba 1844 huko Marekani, wengine mashamba yao hayakuvunwa. Mwaka 1988 Edgar Whisenant, aliyewahi kuwa mhandisi wa NASA, alitoa sababu themanini na nane za unyakuo kuwa Septemba mwaka huo, kisha akasogeza mpaka 1989. Harold Camping alitangaza 21 Mei 2011, akasogeza mpaka 21 Oktoba, na mwaka uliofuata akakiri kwamba alikosea. Septemba 2025 ilitokea Afrika Kusini, ikapanda TikTok, na watu wakaacha kazi. Bwana amesema siku ile na saa ile "hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Mtu akikuambia tarehe, amekuambia kwamba anajua zaidi ya malaika.

Na kwetu jambo hili halijawa mzaha. Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, baada ya mwisho wa dunia walioahidiwa mwishoni mwa 1999 kupita. Shakahola, kaunti ya Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watoto wakiwemo, wengi wao waliokufa kwa njaa baada ya kuambiwa wafunge ili wakamwone Yesu. Nimesikia wachungaji wakisema wale walikuwa wa dini ya uongo, hayatuhusu. Lakini wengi waliofika huko walitoka katika makanisa ya kawaida, si mbali na yako na yangu.

Nimebaki na mdogo wako. Usimjibu kwa ubishi wa kabla na baada, hatakusikia, na ukimshinda kwa hoja atatafuta video nyingine. Muulize Wathesalonike waliambiwa nini. Sura ileile ya 4 yenye parapanda, mistari michache juu yake, Paulo anawaambia watulie, watende mambo yao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao. Katika waraka wa pili amechoka kidogo: asiyetaka kufanya kazi, chakula asile. Sisemi umnyime ugali. Lakini mwonyeshe kwamba mtu aliyeandika juu ya unyakuo kuliko wote alikuwa anashona mahema ili apate riziki huku akiungojea.

Barua hizo mbili zina sura nane tu. Keti naye jioni moja mzisome zote kwa sauti, pasipo mhubiri wala simu, na usiseme neno mpaka mmalize. Halafu muulize dirisha la udahili linafungwa tarehe ngapi. Hiyo ni tarehe inayojulikana, na fomu ya mkopo wa Bodi ina viambatisho ambavyo havipatikani kwa siku moja. Cheti cha kuzaliwa peke yake kinaweza kumpotezea wiki mbili.